Kupiga Picha za Maporomoko na Nyanda za Juu Ukianzia Nairobi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya anayetoka Nairobi na kamera au simu, akielekea Thika, Aberdare, Nyahururu na upande wa mashariki wa Mlima Kenya. Saa zote ni za Kiswahili: saa 12 asubuhi ni alfajiri, si adhuhuri.

Msimu gani ni mzuri?

Wiki mbili tatu baada ya mvua kukatika. Mvua za masika hunyesha Machi hadi Mei, na za vuli Oktoba hadi Desemba. Kwa hiyo Juni mwanzoni, kisha mwishoni mwa Desemba na Januari, mito ina maji ya kutosha, matope ya barabarani yameanza kukauka, na maji yenyewe yameacha rangi ya chai ya maziwa.

Ukienda katikati ya masika utapata maporomoko makubwa kweli, lakini kahawia, na huenda usifike kabisa kwa sababu ya barabara. Februari mwishoni anga ni safi na milima huonekana kutoka mbali, ila vijito vidogo huwa vimebaki uzi. Julai na Agosti ni miezi ya baridi na mawingu mazito. Wengi huikwepa, na hapo hukosea: wingu jembamba ni mwanga bora kwa maporomoko yaliyo ndani ya msitu. Kwa vilele vya milima, hapo sawa, ikwepe.

Kwa nini kila mtu anasisitiza kufika alfajiri? Siwezi kufika saa nne nikiwa nimelala vizuri?

Unaweza, ila utapiga picha ya ukungu. Jua likianza kupasha miteremko joto, hewa yenye unyevu hupanda kutoka bondeni, hupoa kadiri inavyopanda, na hugeuka wingu. Katika Aberdare na Mlima Kenya jambo hili hutokea karibu kila siku. Mara nyingi saa tatu au saa nne asubuhi vilele vimeshafunikwa, na huenda visifunguke tena hadi jioni.

Kuna sababu ya pili. Hapa tuko karibu na ikweta, na jua hupanda wima kama limevutwa kwa kamba. Mapambazuko tangu mwanga wa kwanza hadi jua kutokeza ni kama dakika 20 hivi, na mwanga ule wa dhahabu haumalizi saa nzima. Mafunzo ya video yaliyorekodiwa Norway au Iceland hukuonyesha mtu akibadilisha lenzi kwa utulivu huku jua likitambaa kwenye upeo wa macho saa mbili nzima. Huku ukibadilisha lenzi mara mbili, umekwisha. Jua huchomoza kati ya saa 12:10 na saa 12:45 mwaka mzima, kwa hiyo tripodi (stendi ya miguu mitatu) iwe imesimama saa 11:45.

Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya safari hii haihusu kamera: lala karibu na unapotaka kupiga picha. Aliyelala Nairobi na kuondoka saa kumi usiku huanza kazi akiwa amechoka, na bado huchelewa.

Sijawahi kupiga maporomoko. Nianzie wapi?

Msitu wa Karura. Umo ndani ya Nairobi, una maporomoko ya takriban mita 15, na mti mkubwa wa kivuli uko kila upande. Ukikosea mipangilio, unarudi wiki ijayo. Nenda siku ya kazi. Jumapili utapiga migongo ya watu.

Hatua ya pili ni Thika, ambako mito ya Chania na Thika huporomoka karibu karibu, kwenye uwanja wa hoteli ya Blue Posts. Usichanganye Chania hii na maporomoko ya Chania yaliyo ndani ya Aberdare. Jina ni moja, lakini kati yake kuna safari ya nusu siku.

Na Fourteen Falls?

Yako kwenye mto Athi, karibu na Ol Donyo Sabuk, kilomita zipatazo 65 hadi 70 kutoka katikati ya jiji. Urefu wake si mkubwa, mita 27 hivi, lakini yamesambaa kwa upana na kugawanyika mikondo mingi, kwa hiyo lenzi pana hupata kazi. Maji yakiwa mengi mno, mikondo huungana ikawa ukuta mmoja wa kahawia na jina la mahali linapoteza maana.

Jambo moja halisemwi vya kutosha: maji ya mto Nairobi huishia Athi. Kiangazi utaona povu jeupe limeganda kwenye mawe ya chini, na harufu itakueleza mengine. Povu hilo likizunguka polepole hutoa mchoro wa kuvutia kwenye picha ya sekunde 10, lakini usiingie majini kulifuata, na usioshe lenzi wala uso kwa maji hayo. Wapo vijana wanaoruka kutoka juu ya maporomoko kwa malipo. Tunashauri usiwalipe. Mawe ya chini hayaonekani.

Njia ya siku nne ikoje?

Hii ndiyo tunayoipendekeza kwa safari ya kwanza:

Siku ya 1: Nairobi, Fourteen Falls asubuhi mapema, kisha Makutano na Karatina hadi Nyeri. Lala Nyeri. Jaza mafuta usiku huo huo.

Siku ya 2: ingia Aberdare kwa lango la Kiandongoro au Ruhuruini. Mchana tembelea Chania na Magura, maporomoko ya msituni yanayopigika hata wingu likiwa zito. Lala ndani ya hifadhi: kuna nyumba za KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya) za Fishing Lodge, na kuna viwanja vya kupigia hema.

Siku ya 3: maporomoko ya Karuru alfajiri. Kisha vuka nyika ya juu polepole, toka kwa lango la Mutubio, shuka Ndunyu Njeru, pitia Ol Kalou hadi Nyahururu.

Siku ya 4: Thomson's Falls asubuhi, kisha Gilgil, Naivasha, Nairobi.

Watu huuliza kama siku hizo nne zinaweza kubanwa ziwe mbili. Zinaweza kwa gari, haziwezi kwa mwanga. Ukiwa na siku mbili tu, chagua Aberdare pekee na uingilie upande wa Kinangop: barabara kuu ya Nakuru hadi Flyover, kata Njabini, pitia Engineer hadi Ndunyu Njeru, kisha Mutubio.

Karuru na Gura: nitapata nini hasa?

Karuru ndiyo sababu ya wengi kwenda. Maji huanguka kwa ngazi tatu: mita 117, kisha 26, kisha 130, jumla mita 273. Kutoka maegesho ni mwendo mfupi hadi jukwaa la mbao lililo ukingoni. Ngazi ya kwanza unaiona vizuri, ya mwisho inazama bondeni, kwa hiyo usitarajie kupata zote tatu katika fremu moja iliyonyooka.

Jukwaa hilo hutikisika. Mtu mmoja akitembea juu yake wakati shata yako (pazia linaloruhusu mwanga kuingia kwenye kamera) imefunguka kwa sekunde mbili, picha imekwenda. Subirini zamu, au weka miguu ya tripodi karibu na nguzo badala ya katikati ya ubao.

Gura iko ng'ambo ya bonde, ndefu kuliko Karuru, na huonekana kwa mbali tu. Hapo lenzi ndefu ya milimita 70-200 ndiyo inayofanya kazi, na asubuhi ndiyo nafasi. Ukungu ukijaa bondeni, usifunge mkoba upesi: hupanda na kupasuka kwa dakika chache, na picha bora za Gura ni zile za uzi mweupe unaotokeza ndani ya pengo la wingu. Weka kamera tayari, fokasi ya mkono, usubiri.

Watu wengi hupita nyika ya juu mbio mbio wakielekea lango. Ni makosa. Manyasi ya vishungi, majani ya lobelia yaliyoshika umande na miti ya hagenia yenye ndevu za kuvu-mwani ndiyo picha ambazo Karura haiwezi kukupa. Kilele cha juu cha safu hii, Ol Donyo Lesatima, kina mita 4,001, na Kinangop mita 3,906.

Thomson's Falls?

Ni rahisi kufika kuliko yote: yako pembeni mwa mji wa Nyahururu, mto Ewaso Narok, mita 74. Joseph Thomson aliyapa jina la baba yake mwaka 1883. Sehemu ya kutazamia iko juu, ina uzio na ina watu. Picha ya kutoka juu ni ile ile ambayo kila mtu anayo. Ya chini ni tofauti, lakini ngazi za kushukia ni kali na zina utelezi. Tenga saa moja na nusu kwenda na kurudi, na ukifika chini manyunyu yatakulowesha kabla hujafungua mkoba.

Juu pale kuna wenye vinyonga na wenye mavazi ya kitamaduni. Wanaishi kwa kupigwa picha. Patana bei kabla ya kuinua kamera, si baada.

Nina uzoefu. Nipande Mlima Kenya kwa njia gani?

Chogoria, upande wa mashariki. Sirimon ni nyepesi na hupanda taratibu, Naro Moru ni ya haraka, lakini kwa mpiga picha hakuna inayokaribia Chogoria: maporomoko ya Nithi siku ya kwanza, Ziwa Ellis, kisha bonde la Gorges lenye kuta za mamia ya mita na Ziwa Michaelson chini yake. Wengi hupanda Chogoria na kushuka Sirimon. Tenga siku tano, si nne, na hiyo ya tano uitumie kukaa, si kutembea.

Point Lenana, mita 4,985, hufikiwa kwa miguu. Batian (5,199) na Nelion (5,188) ni za wakwea mawe wenye kamba. Kwa picha ya vilele hivyo viwili vikishika jua la kwanza huna haja ya kufika Lenana. Kuwa Lenana kunakuweka karibu mno. Barabara ya msitu kutoka mji wa Chogoria hadi lango inazidi kilomita 20, na mvua ikinyesha huwa ndiyo sehemu ngumu kuliko mlima.

Gari gani? Je, matatu inatosha?

Kwa Thika na Nyahururu, matatu inatosha. Za Nyahururu hupakia Nyamakima, Nairobi. Kwa Aberdare hapana. Unahitaji gari la 4x4 la kweli, lenye gia za nguvu ya chini, siyo gari refu la mjini lenye sura ya 4x4. Ukikodi Nairobi, likague kwanza: jeki ipo na inapanda, gurudumu la akiba lina upepo, kamba ya kuvutia ipo, na gia ya chini inaingia. Jaribu gia hiyo kabla ya kulipa. Nyingi hazijaguswa miaka.

Ongeza jembe fupi na pampu ya upepo. Kwenye matope, punguza upepo wa magurudumu hadi psi 22 au 25, kisha ujaze tena ukifika lami. Ukishuka mteremko wenye utelezi, tumia gia ya kwanza ya nguvu ya chini na uondoe mguu kwenye breki. Gurudumu likifungwa na breki, gari huteleza kama sabuni. Ndani ya hifadhi hakuna kituo cha mafuta, na mtandao wa simu huja na kwenda. Pakua ramani ukiwa bado mjini.

Malipo na vibali?

Kiingilio cha hifadhi za KWS hulipwa kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, na langoni hawapokei noti. Lipa usiku uliotangulia ukiwa na mtandao, na uhifadhi risiti kama picha kwenye simu. Viwango hubadilika na hutofautiana kwa raia, mkazi na mgeni, kwa hiyo viangalie siku ya kulipa na ubebe kitambulisho. Malango hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni. Sasa unaona tena kwa nini kulala ndani kuna maana: ukiwa nje, jua huchomoza wewe ukiwa bado njiani kutoka langoni.

Picha zako binafsi hazihitaji kibali kingine. Zikiwa za tangazo, zenye kikosi na taa, uliza KWS mapema.

Chupa za maji za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye maeneo yaliyohifadhiwa tangu Juni 5, 2020, na mifuko ya plastiki nchini kote tangu Agosti 28, 2017. Ile mifuko ya nailoni unayofikiria kufunikia kamera, iache. Tumia mfuko wa kitambaa usiopenya maji.

Naweza kurusha droni?

Si kwa kuitoa tu mkobani. Droni nchini iko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, na kanuni zake ni za mwaka 2020. Ndani ya hifadhi unahitaji pia ruhusa ya KWS. Bila vyote viwili askari ataichukua. Na hata ukiwa navyo, bonde la Karuru lina upepo unaopanda ghafla, manyunyu, na hewa nyepesi inayopunguza nguvu ya mabawa. Droni ndogo huishiwa betri ikipigana kurudi.

Nibebe vifaa gani?

Kamera moja, lenzi mbili: pana (16-35 au inayolingana nayo) na 70-200. Ya kati iache ukiwa unatembea. Tripodi isiyozidi kilo mbili yenye ndoano katikati. Filta zitakazotajwa hapa chini. Rimoti ya shata, au tumia kipima muda cha sekunde 2. Vitambaa vya maikrofaiba visivyopungua vinne, kwa sababu cha kwanza kitalowa ndani ya dakika tano. Pampu ya mkono ya kupulizia vumbi. Taa ya kichwani.

Koti zito na suruali ya joto si lazima ziwe mpya: kwenye masoko ya Gikomba na Toi utapata za mitumba zinazofaa kwa bei ndogo. Gambuti ni bora kuliko raba kwenye nyika yenye maji, ila si kwa kupanda mlima.

Mipangilio gani hufanya maji yaonekane laini kama hariri?

Anza hapa: ISO 100 (wepesi wa kamera kushika mwanga), mwanya wa lenzi f/8 au f/11 (namba ikikua, tundu hupungua), mtindo wa RAW (faili ghafi), kamera juu ya tripodi, kitulizi cha lenzi kimezimwa. Kisha cheza na kasi ya shata tu.

Kati ya 1/4 ya sekunde na sekunde 1, maji hupata ulaini lakini bado unaona nyuzi na nguvu yake. Hapo ndipo tunapopenda. Kuanzia sekunde 2 nyuzi zinaanza kuungana, na kwenye maporomoko mazito kama Thomson's, sekunde 10 hutoa shuka jeupe lisilo na umbo. Maporomoko membamba yenye kuanguka mbali, kama Gura, yanavumilia muda mrefu zaidi. Kanuni: maji mengi, muda mfupi; maji machache, muda mrefu. Na usidharau 1/1000: Fourteen Falls ikiwa imejaa hupendeza zaidi ikiwa imegandishwa, matone yakirukaruka, kuliko ikiwa laini.

Usikimbilie f/22 ili kupunguza mwanga. Kuanzia f/16 mwanga hujipinda ukipita kwenye mwanya mdogo na picha nzima hulainika, na kila vumbi lililo kwenye sensa hujitokeza kama doa angani. Filta ndiyo kazi yake.

Filta zipi, na hesabu yake ikoje?

Kila ngazi moja ya filta nyeusi hukata mwanga kwa nusu, kwa hiyo muda huongezeka mara mbili. Filta ya ngazi 3 (huandikwa ND8) huzidisha muda mara 8. Ya ngazi 6 (ND64) mara 64. Ya ngazi 10 (ND1000) mara elfu moja hivi. Ukipima 1/60 bila filta, ND8 inakupa karibu 1/8, ND64 sekunde 1, na ND1000 kama sekunde 16. Ukiweza kununua moja tu, nunua ND64.

Kabla ya hiyo, hata hivyo, nunua polaraiza. Huondoa mng'ao kwenye majani na mawe yaliyolowa, na kijani cha msitu hurudi. Yenyewe hula ngazi moja na nusu hadi mbili za mwanga, kwa hiyo msituni kwenye kivuli mara nyingi inatosha peke yake. Ila kwenye lenzi ya 16 ukiwa na anga ya buluu, itatia giza upande mmoja wa anga na kuacha mwingine.

Weka fokasi kabla ya kufunga ND1000, kisha hamishia fokasi ya mkono. Ukiifunga kwanza kamera haioni kitu na itahangaika huku na huko. Funika pia kitundu cha kutazamia cha kamera zenye kioo cha ndani (DSLR). Mwanga huingilia huko nyuma na kuacha michirizi.

Maji yangu yanatoka meupe tupu. Kwa nini?

Kamera hupima msitu wa giza, ikaongeza mwanga, na maji yakaungua. Punguza kwa theluthi mbili hadi ngazi moja, kisha tazama histogramu (mchoro unaoonyesha giza kushoto na weupe kulia), si picha ya skrini: kwenye giza la alfajiri skrini hudanganya kwa kuonekana angavu. Ukingo wa kulia wa mchoro usigonge ukuta. Giza la mawe unaweza kuliinua baadaye; maji yaliyoungua hayarudi. Tofauti ikiwa kubwa mno, piga tatu, moja sawa, moja chini ngazi 2, moja juu ngazi 2, uziunganishe nyumbani.

Maji yako sawa lakini majani yamefifia.

Upepo, na huo unatoka kwenye maporomoko yenyewe. Piga mbili bila kusogeza tripodi: moja ya sekunde 1 kwa ajili ya maji, nyingine ya 1/125 kwa ISO 800 kwa ajili ya mimea, kisha unganisha. Kama kila kitu kimefifia, hata mawe, tatizo ni tripodi. Usiinue nguzo ya katikati, tundika mkoba kwenye ndoano lakini uguse chini usije ukapepea, na kwenye mto usisimamishe miguu ndani ya mkondo: maji huitetemesha kwa namna usiyoiona kwa jicho.

Manyunyu yanajaa kwenye lenzi.

Panga fremu ukiwa umegeuza lenzi kinyume au umeifunika kwa kofia. Futa, geuza, piga ndani ya sekunde tatu, funika. Piga nyingi, matone huanguka sehemu tofauti na unaweza kuchukua pembe safi kutoka kila picha.

Hatari ya kweli huja usiku. Kamera baridi ikiingia kwenye chumba chenye moto wa kuni, unyevu wa hewa ya joto hugeuka maji kwenye lenzi. Ifunge ndani ya mkoba kabla ya kuingia, uiache humo saa moja. Ukirudi Nairobi usiihifadhi kwenye mkoba uliolowa: kuvu huota kwenye vioo vya lenzi, na kuisafisha hugharimu karibu bei ya lenzi ya mitumba. Iache kwenye chombo kinachofunga, pamoja na pakiti za silika zinazonyonya unyevu.

Nina simu tu.

Inatosha kwa mengi. Kwenye iPhone washa Live Photo, piga, kisha chagua mwonekano wa muda mrefu. Kwenye Android nyingi tumia hali ya Pro: ISO 50, shata 1/4. Mwanya wa simu nyingi haubadiliki, kwa hiyo mchana picha itaungua. Fanya kazi alfajiri au kivulini. Kibanio cha tripodi ni shilingi chache na kinaleta tofauti kubwa kuliko simu mpya.

Upinde wa mvua hupatikanaje?

Jua liwe mgongoni, manyunyu mbele. Upinde hukaa nyuzi 42 kutoka kwenye mstari wa kivuli cha kichwa chako, kwa hiyo nyosha mkono kuelekea kivuli chako, kisha pima kando. Ukitazama kutoka juu kwenda chini, kama Thomson's, unaweza kuupata hata jua likiwa limepanda. Zungusha polaraiza taratibu: pembe moja huufuta kabisa, nyingine huunenepesha.

Baridi hula betri?

Huzipunguzia nguvu kwa muda; zikipata joto hurudi. Nyika ya Aberdare usiku hushuka karibu na sifuri, na Mlima Kenya kwenye mita 4,000 hupita chini yake. Beba tatu, mbili zikae mfuko wa ndani karibu na mwili, na ulale nazo.

Nitaugua kwa sababu ya mwinuko?

Nairobi iko takriban mita 1,795, hivyo una faida kidogo kuliko anayetoka Mombasa. Dalili zinaweza kuanza juu ya mita 2,500: kichwa kuuma, kichefuchefu, usingizi kukatika. Juu ya mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 300 hadi 500 za mahali pa kulala kwa siku. Kichwa kikiuma, usipande. Ukianza kuyumba, kuchanganyikiwa, au kukosa pumzi ukiwa umekaa, shuka saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Dawa ya acetazolamide ipo, lakini zungumza na daktari kwanza.

Wanyama, na maji yenyewe?

Aberdare ina uzio wa umeme pande zote, uliokamilika mwaka 2009, lakini huo ni wa kuwazuia wanyama wasiingie mashambani. Wewe uko upande wao. Nyati ndiye wa kuogopa zaidi kwenye vichaka vya karibu na mto, hasa dume aliye peke yake. Ukitaka kutembea mbali na gari, omba askari wa KWS langoni. Mpiga picha aliyeinamia skrini hasikii kitu.

Mto unaweza kujaa bila tone kukuangukia, kwa sababu mvua imenyesha juu mlimani. Dalili ni tatu: maji kubadilika rangi, majani na vijiti kuanza kuelea, na mngurumo kunenepa. Ukiona moja, ondoka mkondoni kwanza, tripodi baadaye.

Picha nizihifadhi vipi njiani?

Usifute kadi hadi uwe na nakala mbili. Kadi ya memori uliyonunua kwa bei ya kutupa mjini ijaze yote kabla ya safari kisha ufungue kila faili: za bandia hujitangaza ukubwa zisionao, na hugundui hadi picha za siku ya tatu zinapokataa kufunguka. Kadi mbili za GB 64 ni salama kuliko moja ya GB 128.

Nikirudi nyumbani nifanye nini kwanza?

Fungua miguu ya tripodi yote, ioshe kwa maji safi kuanzia chini, ikauke ikiwa imekunjuliwa. Mchanga wa Athi ukibaki kwenye skrubu utasikia mkwaruzo safari ijayo. Tikisa mkoba nje, toa pakiti za silika uzikaushe, na chaji betri zote siku hiyo hiyo.